Singeli na Sanaa ya Kuhariri Sauti

Muziki wa elektroniki ni muziki ambao sauti zake huzalishwa au hubadilishwa kwa mitambo ya umeme, na katika Tanzania ya leo mfano wake ulio dhahiri ni singeli, iliyokulia katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, ambako waimbaji walighani juu ya vipande vya taarabu vilivyorudiwarudiwa na kuharakishwa katika sherehe za usiku ziitwazo vigodoro. Upekee wa singeli haumo katika kasi yake pekee, ambayo mara nyingi huvuka mapigo 200 kwa dakika, bali katika nafasi ya uhariri wa sauti, ambao katika studio nyingi ni kazi ya kusafisha muziki uliokwisha kupigwa, ilhali katika singeli ndio upigaji wenyewe.

Kompyuta huhifadhi sauti kwa kupima mawimbi yaliyopokewa na maikrofoni mara nyingi katika kila sekunde, kisha kukiandika kila kipimo, kiitwacho sampuli, kama namba. Kiwango kilichozoeleka tangu enzi za CD ni sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa kuwa sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi takriban 20,000 kwa sekunde, na ili mtetemo uweze kurejeshwa kwa usahihi huhitaji zaidi ya sampuli mbili.

Sauti ikishakuwa namba, mhariri huwa na kazi tatu za msingi. Ya kwanza ni kukata, ambako hufanywa mahali wimbi linapopita kwenye sifuri, kwani likikatwa kwingine husikika mlio mfupi wa kero. Ya pili ni kuunda lupu, yaani kipande kinachorudiwa bila kukatika. Ya tatu ni kubadili kasi: lupu ya mapigo manne kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika huchukua sekunde mbili, na ikiharakishwa mara mbili huchukua sekunde moja, huku kidatu, yaani ujuu wa sauti, kikipanda kwa oktava nzima, isipokuwa programu iagizwe kukishikilia pale pale. Wepesi na wembamba wa sauti unaosikika katika singeli nyingi hutokana na kazi hiyo ya tatu.

Kabla ya singeli, wapigaji wa mchiriku, muziki mwingine wa mitaa ya Dar es Salaam, walikwishavitumia vinanda vidogo vya Casio kupata milio mikali ya elektroniki. Maprodyuza wa singeli, miongoni mwao Sisso na Duke, waliiendeleza njia hiyo kwa kompyuta, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliowafikishia singeli wasikilizaji wa Ulaya na kwingineko.

Majaribio ya namna hii yana historia ndefu barani Afrika, kwani mwaka 1944 mtunzi Halim El-Dabh alinasa jijini Cairo sauti za zaar, ngoma ya kupunga pepo, kwa kinasa sauti cha waya, akazibadilisha kwa mwangwi na kwa kupunguza baadhi ya mitetemo, miaka minne kabla ya mtunzi Pierre Schaeffer kutunga kazi yake ya sauti za treni jijini Paris.

Kwa kuwa sauti yoyote iliyonaswa inaweza kugeuzwa muziki, umbali kati ya mahali kama Saza, kata ya wilaya ya Songwe, na studio za Dar es Salaam haumnyimi kijana wa huko malighafi. Mngurumo wa karasha zinazosaga mawe ya dhahabu, au wa treni ya TAZARA inayopita Tunduma, unaweza kunaswa kwa simu, kukatwa na kufanywa lupu kwa programu ya bure kama Audacity. Na kwa kuwa vipande vya taarabu vimekwisha kutumiwa na wengi, anayeanza na sauti za kwao ana nafasi kubwa zaidi ya kutunga muziki usiofanana na wa mwingine.