Kuuza au kuuzisha? Nyumba za Lubudi wakati wa kipwa

Huku Lualaba mvua hukatika karibu na mwezi wa Mei na kurudi Oktoba. Katikati yake, hasa Juni na Julai, usiku huwa wa baridi na mchana wa vumbi. Tanzania wangesema kipupwe. Sisi tunasema kipwa. Ndiyo majira mazuri ya kubadili nyumba: njia za Lubudi zinapitika, mahindi yamevunwa, watoto wako likizo hadi Septemba, na anayetaka kuongeza chumba anaweza kuchoma matofali bila kunyeshewa. Lakini karatasi za mauziano zinazoandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi zinaweza kuingia katika tatizo la sarufi.

Katika Kiswahili sanifu, mwenye nyumba huuza na mwenye pesa hununua. Katika Kiswahili cha Katanga, mwenye pesa ndiye anayeuza. Mwenye nyumba anauzisha. Chukua sentensi hii: «Ilunga ameuza nyumba ya Kasongo.» Mtu wa Dodoma ataelewa kwamba Ilunga ameuza nyumba isiyo yake. Mtu wa Lubudi ataelewa kwamba Ilunga ametoa pesa, na nyumba sasa ni yake.

Wengine husema tumeharibu lugha. Sivyo. Linganisha Kichewa: kugula ni kununua, kugulitsa ni kuuza. Kibemba nacho kina kushita na kushitisha, kwa mpango uleule: muuzaji ni yule anayemfanya mwingine anunue. Hata z ya «uza» ni alama ya kale ya usababishi, iliyotokana na kitenzi cha Kibantu chenye maana ya kununua. Alama hiyo haisikiki tena, nasi tukaongeza nyingine, -ish-. Sarufi yetu ni timamu. Hatari iko pale sarufi mbili zinapokutana kwenye karatasi moja.

Hatari hiyo si ndogo. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, udongo wote ni mali ya Serikali. Kinachopita mkononi ni jengo pamoja na haki ya kutumia lupango, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha usajili, ambacho huandikwa kwa Kifaransa. Kabla ya kufika huko, karatasi ya mkono ndiyo inayosema nani ametoa nini. Tena Sheria ya Familia inataka mume na mke wakubaliane kabla ya nyumba kutoka. Si bure kwamba katika miji ya Kongo watu hupaka rangi ukutani kuonya kwamba nyumba haiuzishwi.

Basi, msitegemee kitenzi kimoja. Andikeni: «Kasongo ametoa nyumba na amepokea pesa, Ilunga ametoa pesa na amepokea nyumba.» Tajeni kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, mipaka ya lupango, na sahihi za mume na mke.

Ongezeni na jambo ambalo kipwa hulificha. Mwezi wa Julai kila paa halivuji. Mnunuzi atazame madoa chini ya manjanja, aangalie alama za maji kwenye msingi, na awaulize majirani mvua huwa inapita wapi. Muuzaji mwaminifu ataandika mwenyewe: «Paa la chumba cha nyuma linavuja.» Sentensi hiyo, Dodoma na Lubudi, ina maana moja tu.