Mongbwalu: Nafasi nne tupu zinapobadili hesabu ya dhahabu

Kunako Mongbwalu, mji wa wachimba dhahabu wilayani Djugu, yapata kilomita 80 kutoka Bunia, gramu moja si kitu cha kuchezea. Kijana wa huko anayejifunza kuandika programu za komputa kwa lugha ya Python afaa ajue mapema namna mistari yake inavyopangwa.

Tuchukue mfano. Mnunuzi amepokea dhahabu mara tatu: gramu 2, gramu 3 na gramu 5. Anaiyeyusha yote pamoja, akikadiria kwamba gramu 1 itapotea motoni. Jibu ni gramu 9. Katika Python, mstari wa kutoa gramu hiyo ukianzia pembeni kabisa, hesabu inafanyika mara moja tu. Ukisogezwa ndani nafasi nne, unaingia katika mzunguko wa kujumlisha na unarudiwa mara tatu. Jibu linakuwa 7. Komputa hailalamiki hata kidogo. Gramu mbili zimepotea kwenye karatasi, na mwenye mali atauliza ni nani aliyeziiba.

Lugha nyingi hutumia mabano kuonyesha mistari inayokwenda pamoja. Mholanzi Guido van Rossum, aliyetoa Python mwaka 1991, alichagua nafasi tupu. Zinapendeza kusoma, lakini hazionekani. Kitufe cha Tab (jina lake linakaribiana na tabu, wala si bure) huacha alama moja tu, ambayo kwa macho yaweza kufanana na nafasi nne au nane. Faili likitoka kwa mwenzako kwa flashi, mistari yaonekana imenyooka kumbe imechanganyika. Python 3, iliyotoka mwaka 2008, ikikuta mchanganyiko huo katika fungu moja la mistari, husimama na kuandika TabError.

Dawa iko kwenye mipangilio. Anayetumia nano kwenye Linux aweke mistari miwili katika faili .nanorc: "set tabsize 4" na "set tabstospaces". Tangu hapo Tab itaweka nafasi nne, kama kanuni za Python zinavyopendekeza. Notepad++ ina chaguo hilo pia, tena yaweza kuonyesha kila nafasi kwa nukta na kila Tab kwa mshale. Bloc-notes ya Windows haina, bora kuiacha.

Ila kosa la 7 badala ya 9, hakuna mpangilio unaolishika. Hilo hukamatwa kwa kalamu: piga hesabu ndogo mwenyewe, linganisha na jibu la komputa, ndipo uingize gramu za kweli.