Majimaji Bondeni Kilombero: Waliouawa kwa Njaa

(Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, ambapo bombomu za Kapteni von Hassel ziliwafyeka Wapogoro na Wambunga waliolivamia boma la Wajerumani. Leo tutazame yaliyofuata vijijini, kwa watu ambao hawakushika mkuki.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo, Kapteni Wangenheim aliandika kwamba kitakachowafanya wenyeji wasalimu amri ni njaa na ufukara. Gavana von Götzen aliifuata njia hiyo. Vikosi vilichoma nyumba, vikateka mifugo, vikabeba nafaka na kuteketeza iliyobaki.

Anayelima Ifakara ataelewa haraka maana yake. Katika bonde hili mpunga huvunwa mafuriko yakishapungua, katikati ya mwaka. Kwa hiyo moto ulipofika, chakula cha mwaka mzima kilikuwa ghalani, pamoja na mbegu. Mvua za mwisho wa mwaka ziliponyesha, aliyenusurika hakuwa na cha kupanda. Wengine walikuwa wamejificha porini, wakiogopa kuonekana mashambani. Kutoka hapo njaa ilijiendesha yenyewe: mashamba yakageuka vichaka, tembo na nguruwe wakajitwalia, mbung'o wakafuata.

Serikali ya kikoloni ilikadiria Waafrika 75,000 waliokufa katika Vita vya Majimaji. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kwa hesabu yoyote kati ya hizo, waliokufa kwa njaa na maradhi ni wengi kuliko waliopigwa risasi.

Songea kuna makumbusho ya taifa na kaburi la halaiki la mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na kila Februari watu hukusanyika hapo. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika na kuomba msamaha. Ni heshima wanayoistahili. Lakini mnara wa shujaa hauwatoshi mama na mtoto waliokufa kando ya ghala lililochomwa. Hao hawakuhukumiwa na mtu, wala majina yao hayakuandikwa kwenye daftari lolote.

Basi tuwaenzi kwa kutaja vijiji vyao. Halmashauri, shule na parokia za Kilombero na Ulanga zikae na wazee, ziorodheshe kila kijiji kilichochomwa na kila hame linalojulikana, kisha ziyachonge majina hayo kwenye jiwe. Wewe msomaji mwenye babu au bibi Ifakara, anza kwa kumuuliza wiki hii.

(Itaendelea)