KUEPUKA UPENDELEO KATIKA MATANGAZO NA FOMU ZA SERIKALI

Upendeleo katika kazi za Serikali hauishii pale mtumishi anapomhudumia jamaa yake mbele ya wengine. Upo pia upendeleo usiokusudiwa, unaojificha ndani ya tangazo au fomu ambayo mwandishi wake alimfikiria mwananchi wa aina moja tu. Aliyesahauliwa katika maandishi hayo huikosa haki yake bila ya mtu yeyote kumnyima.

Mfano mzuri unapatikana Same, katika Milima ya Upare, Mkoa wa Kilimanjaro. Katika miaka ya 1940, wakati wa utawala wa Mwingereza, wananchi waliongezewa juu ya kodi ya kawaida kodi nyingine iliyotozwa kwa makadirio ya mali ya kila mtu. Kodi hiyo iliitwa mbiru, jina la ushuru wa jadi. Jina lilikuwa la zamani, lakini jambo lenyewe lilikuwa jipya, na wananchi hawakuridhika na namna mali zao zilivyokadiriwa. Mwezi Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Walikuwa tayari kulipa kodi ya kawaida. Walichokikataa ni mbiru. Wake zao, walioachiwa mashamba na watoto, nao waliandamana kudai shauri limalizwe ili waume zao warudi majumbani. Mgogoro uliendelea hadi mwaka 1947, na hatimaye kodi hiyo iliondolewa.

Tukio hilo lina mafunzo matatu kwa mtayarishaji wa maandishi ya Serikali. Kwanza, jina lililozoeleka halitoshi kulifanya jambo jipya likubalike. Pili, kipimo kisichoelezwa huonekana kuwa ni upendeleo, hata kama mkadiriaji ni mwadilifu. Tatu, anayeguswa na agizo si yule tu aliyeandikiwa.

Mafunzo hayo hayajapitwa na wakati. Mji wa Same uko tambarare, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Moshi, lakini wakaazi wengi wa wilaya wako milimani. Na majumbani wapo wanaozungumza Kipare, Kimbugu au Kimaasai. Tangazo linalobandikwa mjini peke yake humpendelea mkaazi wa mjini. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania Bara. Hatua hiyo ni kubwa, lakini Kiswahili kizito cha ofisini bado kinaweza kumfungia mlango mwananchi wa kawaida.

Kwa hiyo, watumishi wa Serikali hapa Visiwani wanakumbushwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Kabla ya kuandika, waorodheshwe wote watakaoguswa, wakiwemo mjane, mzee, mtu mwenye ulemavu, mvuvi aliyeko dago na asiyejua kusoma.

(b) Tangazo lieleze nani anastahiki, kwa kigezo gani, na asiyeridhika apeleke wapi malalamiko yake.

(c) Fomu isichukulie kuwa kila mkuu wa kaya ni mwanamme, wala kuwa kila mwombaji ana anwani ya posta au simu.

(d) Rasimu isomwe kwa sauti mbele ya wananchi wachache wa shehia za mjini na za shamba. Wasiulizwe kama wameelewa, kwani wengi hujibu ndiyo kwa heshima. Waombwe waeleze kwa maneno yao walichokielewa.

(e) Muda wa mwisho uhesabiwe kwa kumzingatia mkaazi wa mbali, na tangazo lifikishwe sokoni, dikoni na redioni, si katika ubao wa ofisi pekee.

Wananchi nao wanaombwa kutoa taarifa kwa Sheha pale wanapoona tangazo halieleweki au fomu haina nafasi ya hali zao. Neno moja likisahihishwa kabla ya kuchapishwa, huenda likamwepusha mjane mmoja na safari tatu za bure.