Nani Anailipia Katavi?

Ndugu msomaji, anayesafiri kwa basi kutoka Sumbawanga kwenda Mpanda hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Abiria huchungulia dirishani, twiga akionekana watoto hushangilia, na safari huendelea. Watu wengi wa Rukwa wameiona Katavi kwa namna hiyo, bila kulipa kiingilio. Ndiyo maana wasikilizaji wa hapa Sumbawanga huniuliza mara kwa mara: ikiwa watalii ni wachache namna hii, fedha za kuilinda hifadhi hiyo hutoka wapi? Swali hilo ni la msingi, na jibu lake linamhusu hata yule ambaye hajawahi kufika Ufipa.

Katavi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, mwaka uleule ulipoundwa Mkoa wa Rukwa. Mwaka 1998 ilipanuliwa ikafikia kilometa za mraba 4,471, na tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa. Sifa yake ni makundi ya nyati, na viboko ambao wakati wa kiangazi hubanana katika madimbwi yanayosalia ya Mto Katuma. Lakini iko mbali na Arusha na Dar es Salaam, na msimu wake wa wageni ni miezi michache ya ukavu. Kwa hiyo makusanyo ya langoni ni madogo.

Gharama, kwa upande wake, hazijui msimu. Askari wa hifadhi anakula Februari kama anavyokula Agosti. Gari la doria linahitaji mafuta na matairi, hata kama siku hiyo hakuna mgeni aliyekata tiketi. Barabara za ndani huharibiwa na mvua ileile inayowazuia wageni kuja.

Jibu la swali la wasikilizaji, basi, ni kubebana. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lililoanza mwaka 1959, halipangi fedha kwa kila hifadhi kana kwamba ni duka linalojitegemea. Hifadhi chache, hasa Kilimanjaro na Serengeti, huingiza zaidi ya zinavyotumia, na ziada hiyo huzitunza nyingine. Ni kama ukoo ambao ndugu wawili ndio wenye ajira, na mishahara yao inasomesha wadogo wote.

Utaratibu huu una busara, lakini una hatari mbili. Hatari ya kwanza ni wenye ajira kuugua siku moja. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230 kutoka nje. Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga viwanja vya ndege duniani, walikuja 620,867 tu. Hali ikatengemaa baadaye, na mwaka 2024 idadi ilivuka milioni 2. Lakini tembo hawakusubiri hali itengemae, wala majangili hawakwenda likizo.

Hatari ya pili ni wadogo kuongezeka. Mwaka 2019 pekee hifadhi za taifa ziliongezeka kutoka 16 hadi 22. Kutangaza hifadhi ni kazi ya siku moja katika Gazeti la Serikali. Kuilinda ni gharama ya kila mwezi, na sharti ipangwe kabla ya tangazo.

Aidha, Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 ilielekeza kwamba kuanzia Julai mwaka huo mapato ya TANAPA, ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na ya TAWA yaingie katika Mfuko Mkuu wa Serikali, na mashirika hayo yapewe fedha kutoka Hazina. Hoja ya kuunga mkono ni nzito: fedha za umma zionekane katika kapu moja, na watalii wasipokuja Hazina ibebe mzigo. Hoja ya kupinga nayo ina uzito wake: daraja likisombwa na mafuriko, shirika lenye fedha mkononi hutengeneza wiki hiyohiyo, ambapo lisilo nazo huandika barua.

Mimi naona kwamba utaratibu wowote utakaotumika, mpango mzuri wa fedha hupimwa kwa mambo matatu.

La kwanza ni akiba. Mwaka wa neema uwekee mwaka wa njaa, kama mkulima wa Ufipa anavyojaza ghala la mahindi.

La pili ni matengenezo. Hata Marekani, nchi tajiri, iliahirisha ukarabati wa hifadhi zake hadi mwaka 2020 ikalazimika kutunga sheria ya kutenga hadi dola bilioni 1.9 kila mwaka kwa miaka mitano. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

La tatu ni kuhesabu thamani isiyopita langoni. Mto Katuma umekuwa ukipungua maji kwa sababu ya kilimo cha umwagiliaji kwenye maeneo unakotokea. Maji hayohayo hutiririka hadi Ziwa Rukwa, wanakovua wananchi. Shilingi inayotumika kukaa na wakulima na kupatana juu ya mgawo wa maji haileti mtalii hata mmoja mwaka huu. Lakini isipotumika, viboko watakufa kwenye tope, na hapo hakutakuwa na cha kumwonyesha mtalii.

Kipimo hicho cha tatu ndicho kinachotugusa zaidi sisi wa Ufipa. Maporomoko ya Kalambo, yenye urefu wa zaidi ya meta 200, tunagawana na Zambia. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza kwamba upande wa Zambia zilipatikana mbao zilizochongwa na kuunganishwa na binadamu yapata miaka 476,000 iliyopita. Nasi tuna malungu, yale matanuri marefu ya udongo ambamo mababu waliyeyusha chuma. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1886. Yaliyofuata hungoja tangazo la waziri. Tanuri lililo katikati ya shamba la mtu halina lango wala risiti, na kila masika linamomonyoka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, bajeti ya maliasili itakaposomwa Dodoma, tusiishie kupigia makofi idadi ya watalii. Tumwulize mbunge wetu: katika fedha hizo, kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya mahali ambapo watalii hawajafika?