Ulisoma Mswada wa Fedha, mbona tasnifu unaiachia ChatGPT?

JUNI 2024 vijana wa Kenya walifanya jambo ambalo wahadhiri hulia nalo kila muhula: walisoma stakabadhi yenyewe. Na Mswada wa Fedha si hadithi ya kusoma ukinywa chai. Lugha yake ni ya mawakili, na vifungu vyake vingi hubadilisha maneno machache tu katika sheria nyingine. Lazima uifungue sheria hiyo nyingine ndipo uelewe unachotozwa.

Watu waliifungua. Pendekezo la kutoza mkate VAT ya asilimia 16, na lile la kutoza gari asilimia 2.5 ya thamani yake, yalichambuliwa TikTok na X kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani. Mtu akidai mswada unasema hivi, mwingine alimuuliza: kifungu gani? Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bunge na wengine kupigwa risasi, Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo.

Sasa watazame makomredi hao hao wakipewa kazi ya utafiti. Jumapili usiku swali linabandikwa kwenye ChatGPT jinsi lilivyo. Jibu linanakiliwa, marejeo na yote, na kufikia asubuhi limeshatumwa kwa mhadhiri. Hakuna tena anayeuliza: kifungu gani?

Kutumia akili unde si dhambi. Inaweza kukueleza dhana ngumu au kukupa maneno ya kutafutia. Lakini programu hizi hutunga sentensi kwa kukisia neno linalofuata. Ikikosa makala unayoitaka, inaweza kukuundia: mwandishi wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaoaminika, ila makala yenyewe hayajawahi kuandikwa na mtu yeyote.

Waulize mawakili wa New York. Mwaka 2023, katika kesi ya abiria aliyeshtaki shirika la ndege la Avianca, waliwasilisha mahakamani maamuzi ya kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. Jaji aliwatoza mawakili wawili pamoja na kampuni yao faini ya dola 5,000. La kusikitisha ni kwamba mmoja wao alikuwa ameiuliza ChatGPT kama kesi hizo ni za kweli, ikamjibu ndiyo. Ni sawa na kumuuliza mshukiwa kama yeye ndiye mwizi.

Tuchukue mfano wa hapa mtaani. Komredi anayesomea mipango ya miji anaandika kuhusu magorofa ya Kilimani, eneo lililojulikana kwa nyumba zenye bustani kubwa na ambalo sasa limejaa majengo marefu kuanzia Argwings Kodhek hadi Dennis Pritt. Anataka kujua kitu kimoja tu: Kilimani ina watu wangapi? Akitafuta mtandaoni atapata majibu kadhaa yasiyopatana. Afanyeje?

Kwanza, ajiulize ni Kilimani ipi. Kuna wadi ya Kilimani katika eneobunge la Dagoretti Kaskazini. Kuna Kilimani ya utawala, ya chifu na naibu wake. Halafu kuna Kilimani ya madalali wa nyumba, ambayo mipaka yake hunyooka kulingana na kodi wanayotaka kukutoza. Watu watatu wanaweza kutaja idadi tatu tofauti na wote wasiwe waongo.

Pili, aifuate nambari hadi ilikozaliwa. Blogu ilinakili gazeti, gazeti lilinukuu ripoti, na ripoti ilitoa wapi? Kwa idadi ya watu Kenya, safari hiyo huishia kwa Shirika la Takwimu la Kitaifa, KNBS, lililosimamia sensa ya Agosti 2019. Juzuu la pili la ripoti hiyo linashuka hadi kata ndogo, na linapatikana bure kwenye tovuti yao.

Tatu, aangalie umri wa nambari hiyo. Jengo lililofunguliwa 2022 halina mpangaji hata mmoja katika sensa ya 2019. Kwa hivyo haandiki “Kilimani ina watu kadhaa”, bali “kufikia sensa ya Agosti 2019, kata ndogo ya Kilimani ilikuwa na watu kadhaa”. Sentensi imerefuka kidogo, lakini mhadhiri hana pa kuishika.

Wengi husema vyanzo vizuri ni ghali. Vingine ni kweli, lakini vingi umeshavilipia kwenye karo. Vyuo hununua majarida ya kielektroniki, na mara nyingi nywila ya maktaba inakufungulia hata ukiwa kitandani. Sheria za Kenya na maamuzi ya mahakama yako bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Ukitaka mambo ya zamani, Hifadhi ya Nyaraka ya Kitaifa iko Moi Avenue, katikati ya jiji.

Na kama habari unayohitaji imefungiwa kwenye kabati la afisa wa serikali? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuiomba. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Ikikunyamazia, lalamika kwa Tume ya Haki za Utawala. Kwa hivyo ukitaka kujua kuhusu vibali vya magorofa hayo, andika barua mwanzo wa muhula, si wiki ya mwisho.

Vyuo navyo visijitoe lawamani. Kumzungusha mwanafunzi maktabani wiki ya kwanza, kabla hajapewa hata swali moja, ni kumwonyesha mto asiye na kiu. Mkutubi aitwe darasani siku kazi inapotolewa. Na mhadhiri atoe alama kwa safari pia: ulitafuta wapi, ulikataa chanzo kipi, kwa nini?

Hili si suala la alama pekee. Komredi wa uuguzi wa leo ndiye atakayesoma kipimo cha dawa ya mamako kesho. Yule wa uhandisi atakagua nguzo za jengo utakalolala. Tabia ya kuhakikisha haitashuka kutoka mbinguni siku ya mahafali.

Anza na kazi uliyo nayo sasa. Chagua marejeo matatu kwenye orodha yako, ukayatafute moja moja hadi uyaone kwa macho yako. Lisiloonekana, lifute kabla mhadhiri hajalitafuta mwenyewe.