Panya na Uvutano Bandia

Wahenga walinena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Panya wa maabara ni ushahidi. Mwaka 1955, John Garcia na wenzake walionyesha kuwa panya aliyekunywa maji ya sakarini huku akipigwa na miale ya gama huuepuka utamu huo baadaye. Mashine izungukayo kwa kasi, ambayo huzalisha uvutano bandia, huleta matokeo yayo hayo. Panya hawezi kutapika. Kususia kinywaji ndiyo dalili ya kichefuchefu chake. Aliyeharibiwa viungo vya sikio la ndani vinavyohisi mwendo na uvutano hasusii, hata akizungushwa. Basi mnyama hulaumu kinywaji ilhali mkosaji ni mzunguko. Mwanaanga atakayeishi katika chombo kizungukacho naye huenda akakichukia chakula kisicho na hatia.